Shimo la majaribio la mita 1 kwa 1 kwenye kiwanja cha kijijini: niliweke wapi, chekeche gani, niishie wapi?

Msaidizi_wa_Uwanjani

Habarini wadau wa mambo ya kale.

Mwezi wa saba tunaanza uchimbaji mdogo wa majaribio kwenye kiwanja cha mtu, kijiji cha pwani mkoani Tanga. Leseni ya Mambo ya Kale ipo, kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kipo, na mhadhiri mwenye leseni atakuwepo uwanjani siku zote. Mimi nimepewa kuandaa vifaa na mpango wa kazi.

Kiwanja ni kama robo eka. Kuna nyumba moja ya udongo, minazi kadhaa, na mihogo kwa nyuma. Mwenye kiwanja alipochimba choo kipya vilitoka vigae vingi, makombe ya pwani, na kipande kimoja cha chombo chenye utando wa kioo wa kijani. Juu ni kichanga cheusi, chini mchanga mweupe.

Tuna uwezo wa mashimo mawili ya mita 1 kwa 1. Nayaweka wapi? Tuchimbe kwa vina vya sentimita 10 (unene ule ule kila mara) au tufuate tabaka za udongo wenyewe? Wavu wa chekeche uwe wa milimita ngapi, maana dukani nimeona wa milimita 5 tu? Na kuna mtu kaniambia tukifika kwenye mchanga mweupe kazi imekwisha. Ni kweli?

Mwiko_na_Timazi

Mkuu, anza na mwenye kiwanja kabla ya kamba na vigingi. Muulize vyoo vya zamani vilikuwa wapi, na usikubali jibu la choo kimoja. Kijijini choo cha shimo kikijaa huhamishwa mita chache tu, kwa hiyo kiwanja kilichokaliwa miaka mingi huwa na vyoo kadhaa vilivyofukiwa. Uliza pia shimo la taka na mahali walipochimba udongo wa kukandikia nyumba. Hilo la udongo wa kukandikia ndilo watu hulisahau: huwa na upana wa mita mbili tatu, halafu hujazwa taka za jikoni. Ukilichimba bila kujua utakuta kigae cha miaka elfu kimelala juu ya soli ya kandambili, na utapoteza siku nzima ukijiuliza kulikoni. Kaeni walau mita 5 kutoka choo chochote, kipya au cha zamani. Hapo tabaka ni sababu moja. Minyoo na pepopunda ni nyingine.

Kisha pitieni kiwanja chote kwa mistari ya mita 2, mkitazama pale ambapo udongo umeshachimbuliwa bila nyinyi: chini ya michirizi ya paa, vichuguu, mashimo ya panya, shina la mnazi ulioanguka. Udongo uliotoka choo kipya kama bado upo, uchekecheni. Hauna tabaka tena, lakini utawaonyesha aina ya vitu mnavyokwenda kukutana navyo. Na kama choo chenyewe hakijaanza kutumika wala kujengewa, kuta zake zinawaonyesha tabaka bure. Tazameni mkiwa juu, mtu asishuke.

Mahali pa kuweka mashimo makubwa, msipakisie. Robo eka ni kama mita 32 kwa 32. Mkiweka vishimo vya sepeto kila mita 10, vyenye kipenyo cha sentimita 40 na kina cha 50 hadi 60, mtapata tisa hadi kumi na viwili. Kila kimoja kinatoa udongo wa lita 70 hivi, watu wawili wanakimaliza kwa nusu siku pamoja na kuchekecha na kufukia. Hesabuni vigae vya kila kishimo na muandike kwenye ramani ya kiwanja. Hakikisha tu vishimo hivyo vimetajwa kwenye maombi ya leseni. Hata hivyo vidogo ni uchimbaji.

Shimo la kwanza liende penye vigae vingi. La pili lisiende hapo hapo. Penye vigae vingi kupita kiasi mara nyingi palikuwa jalala, na jalala linakupa mpangilio mzuri wa vyombo kwa wakati lakini halikuonyeshi sakafu wala nguzo. La pili liwekeni palipotoka mabonge ya udongo mwekundu ulioungua. Yageuze uyatazame: yakiwa na alama za fito upande mmoja, hapo palikuwa na ukuta wa nyumba iliyoshika moto.

Kupanga mraba: piga kigingi A, vuta tepu mita 1 hadi B. Kutoka A vuta mita 1, kutoka B vuta mita 1.414, zinapokutana ndipo kona ya tatu. Rudia upande wa pili, kisha pima ulalo zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 1, mraba umepinda. Vigingi vya kamba visikae kwenye kona yenyewe, vikae sentimita 30 nje, kamba zikutane hewani juu ya kona. Kigingi cha konani hung'oka na ukingo siku ya pili, na kwenye kichanga hung'oka siku ya kwanza.

Usawa wa kupimia vina usiufunge kwenye mnazi wala kwenye uso wa ardhi. Uso hukanyagwa na kushuka. Tumieni kona ya msingi wa saruji au jiwe kubwa lisilotikisika, mpige alama ya rangi, kisha mhamishe usawa huo hadi shimoni kwa mpira wa maji wa mafundi. Pima maji ndogo ya kutundika kwenye uzi inafaa ndani ya mita moja au mbili. Zaidi ya hapo uzi unalegea katikati na vina vyote vinadanganya. Kila mwisho wa kina pimeni pointi tano: kona nne na katikati.

Kwa mahali shimo lilipo, GPS ya simu inakosea mita 3 hadi 5, kwa hiyo pimeni kwa tepu kutoka vitu viwili visivyohama, kona ya nyumba na kisima kwa mfano. Na andikeni mfumo wa koordinati mliotumia. Ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye Arc 1960, simu inatoa WGS84, na tofauti ya hizo mbili kwetu inafika kama mita 300. Mtu atakayerudi baada ya miaka kumi bila kujua hilo atachimba shamba la jirani.

Kigae_cha_Kale

Naongezea kwenye chekeche, maana hapo ndipo vitu vingi vinapopotea bila mtu kujua kama vimepotea.

Wavu wa milimita 5 utawashikia vigae, mifupa ya mbuzi, makombe na mavi ya chuma. Hautawashikia shanga. Shanga za kioo za pwani yetu nyingi zina kipenyo cha milimita 2 hadi 4, na zote zinapita. Miiba na pingili ndogo za samaki nazo zinapita, kisha ripoti inaandika kwamba watu wa kijiji cha pwani hawakula samaki wadogo. Tafuteni wavu wa milimita 3. Maduka ya vifaa vya kilimo huuza waya wa kuanikia kahawa, mara nyingi unakaribia hapo, lakini pima mwenyewe: weka rula juu ya matundu kumi, toa unene wa nyaya, gawa kwa kumi. Usiamini anachosema muuzaji.

Fremu iwe ya mbao za inchi 1 kwa 4, sentimita 60 kwa 90, ining'inizwe kwenye milingoti mitatu ili mtu mmoja aweze kuisukuma. Msimimine zaidi ya lita 10 kwa mara moja. Ukijaza, vitu vinasagana na vigae laini vinatoka vikiwa vimevunjika upya. Utakiona kigae kilichovunjikia kwenye chekeche kwa ukingo wake: ni msafi na rangi yake ni tofauti na sehemu nyingine.

Hata milimita 3 haitoshi kwa kila kitu. Kutoka kila kina tengeni lita 20 za udongo, mzichekeche kwa maji kwenye wavu wa mbu wa madirishani, ambao matundu yake ni milimita 1 na kitu. Hapo ndipo mtajua kama kuna shanga ndogo au hakuna. Na lita 10 hadi 20 nyingine ziwekwe kwenye mfuko bila kuchekechwa, kwa ajili ya kuelea: udongo unamiminwa kwenye pipa la maji, unakorogwa taratibu kwa mkono, mbegu zilizoungua zinapanda juu, mnazimimina kwenye kitambaa chenye tundu lisilozidi milimita 0.3. Kwa kazi hii wavu wa mbu haufai. Mtama na mawele vitabaki, ulezi utapita.

Mchanganuo wa udongo ili upange watu: sentimita 10 za shimo la mita 1 kwa 1 ni lita 100. Ukishachimbwa unavimba, hesabu ndoo 12 au 13 za lita 10. Shimo la mita moja kwenda chini ni ndoo kama 125. Mwandikishe idadi ya ndoo za kila kina. Vigae 40 kwenye ndoo 12 na vigae 40 kwenye ndoo 5 ni habari mbili tofauti kabisa, na asiyehesabu ndoo hawezi kuzitofautisha.

Kile kipande cha kijani, kitazameni pale kilipovunjika. Kama ndani ni kijivu au cheupe, kigumu, na ukikigonga kwa ukucha kinalia, inawezekana ni seladoni ya China, ambayo pwani yetu hutokea zaidi kwenye tabaka za karne ya 13 hadi ya 15. Kama ndani ni cha manjano hafifu, laini, ukikikwaruza kinatoa unga, na utando wake unaelekea bluu, hayo ni mabaki ya mitungi ya Ghuba ya Uajemi, na hapo mnaongelea zaidi karne ya 8 hadi ya 10. Kuna na ya tatu ambayo watu huiruka: vyombo vyeupe vya Ulaya vya karne ya 19 vyenye maua ya kijani na mekundu yaliyopigwa kwa mhuri wa sponji, vingi vikitoka Maastricht, Uholanzi. Hivyo vimejaa vijiji vyote vya mwambao.

Lakini umri wa kijiji hauamuliwi na kipande cha ng'ambo peke yake. Bakuli zuri hukaa kabatini vizazi viwili kabla halijavunjika. Vigae vya wafinyanzi wa hapa ndivyo vingi na ndivyo vinavyobadilika: shingo zenye pembetatu zilizochanjwa ni za karne ya 6 au ya 7 hadi ya 10, zile za Kwale (aina iliyopewa jina la Kwale, Kenya) zenye midomo iliyokatwa pande ni za zamani zaidi. Tengeni midomo na vyenye nakshi, vielezwe kimoja kimoja. Matumbo ya vyungu yasiyo na kitu, hesabu na upime uzito kwa kila kina, inatosha.

Mzamili_Mwambao

Nipo upande wa Kenya, kwetu sheria ni ya makumbusho na turathi ya 2006, ila mchanga ni ule ule. Nina neno kuhusu sentimita 10 na kuhusu mchanga mweupe.

Sentimita 10 ni kipimo cha mchimbaji, udongo wenyewe haukijui. Fuata tabaka kwanza. Ndani ya tabaka nene ndipo ugawe kwa kumi kumi. Ukiwa kwenye sentimita ya 4 na rangi au ugumu umebadilika, simamisha, funga mfuko, anza nambari mpya. Wengi wanaogopa kufanya hivyo kwa sababu fomu yao imeandikwa 0–10, 10–20, 20–30, wanaona vibaya kuichafua. Bora fomu ichafuke. Kosa lingine la kila mara: nusu ya shimo imekuwa nyeusi zaidi, mnaendelea kuchimba zote mbili pamoja. Hapo kuna shimo la zamani lililokata tabaka. Lisafishe kwa mwiko hadi ukingo uonekane wazi, lichore, kisha toa udongo wake peke yake na mfuko wake, kwa sababu uliingia baadaye kuliko ule unaouzunguka. Cha mwisho kuingia hutoka kwanza.

Duara la sentimita 10 hadi 20 lenye udongo laini mweusi linaweza kuwa tundu la nguzo, na linaweza kuwa mzizi wa mnazi uliooza au tundu la kaa. Likate nusu, utoe upande mmoja tu, utazame ubavu. Nguzo huenda chini wima na kuishia na kitako au ncha, mara nyingi na vipande vya vigae au mawe vilivyokazwa pembeni. Mzizi hujigawa. Tundu la kaa hupinda na kuendelea, na ndani yake mchanga ni mlegevu kiasi kwamba kidole kinapenya. Msiyapuuze hayo ya kaa: ndiyo yanayoshusha shanga ya plastiki hadi sentimita 80 na kupandisha kigae cha kale juu. Kitu kimoja kisicholingana na wenzake ndani ya udongo mlegevu kiandikwe hivyo, kisiachiwe kibadilishe tarehe ya tabaka zima.

Wakati wa kiangazi kichanga kikikauka rangi zote zinafanana. Tumia pampu ya mgongoni ya kunyunyizia shamba, iliyooshwa vizuri dawa ikaisha, unyunyize ukungu mwembamba, subiri dakika chache. Tofauti inajitokeza, piga picha hapo hapo. Picha ipigwe asubuhi mapema, au shimo lote lifunikwe kivuli kwa turubai. Nusu kivuli nusu jua haisomeki. Kabla ya picha ukuta ukwanguliwe kwa mwiko kutoka juu kwenda chini. Ukianzia chini unauchafua ulikokwisha kusafisha.

Sasa mchanga mweupe. Aliyekwambia kazi imekwisha amekosea, au tuseme amebahatisha. Pwani mchanga mweupe unaweza kuletwa na upepo au mawimbi juu ya makazi ya watu, na chini yake pakawa na tabaka jingine jeusi. Kawaida tunakwenda vina viwili mfululizo, yaani sentimita 20, bila kitu chochote cha binadamu. Halafu kwenye kona moja unashusha kishimo cha sentimita 30 kwa 30, au bomba la kutobolea udongo, sentimita 50 zaidi. Kukiwa bado kuna mchanga mtupu, ndiyo, hapo mmefika.

Ila kuna jambo la uhai. Kichanga hakishiki. Kwenye mchanga mkavu ukuta unaweza kuanguka hata kabla ya mita 1, na mtu aliyechuchumaa ndani ya shimo la mita 1 kwa 1 hana pa kukimbilia. Mita 1.2 iwe mpaka wa mwisho bila kuweka mbao, na kwenye mchanga mlegevu msifike hata hapo. Kama choo kimeonyesha vitu hadi mita 1.5, pangeni tangu mwanzo kufungua mita 2 kwa 2, mshuke sentimita 60, kisha muendelee na mita 1 kwa 1 katikati ili kuwe na ngazi pande zote. Udongo mliochimbua umwagwe kwenye turubai, walau mita 1 kutoka ukingoni. Asiwepo mtu shimoni bila mwingine juu.

Mwiko_na_Timazi

Nakubaliana na Mzamili kuhusu tabaka, ila kwa timu ngeni ningewaanzisha na sentimita 5 badala ya 10 kwenye shimo la kwanza. Mgeni hugundua badiliko la rangi akiwa ameshalipita kwa sentimita 3 au 4. Kina chembamba kinapunguza hasara. Shimo la pili, wakishaona ukuta wa la kwanza, wanafuata tabaka kwa kujiamini. Ndiyo maana msiyachimbe yote mawili kwa wakati mmoja, hata kama watu wapo.

Msaidizi_wa_Uwanjani

Asanteni sana wakuu. Naona itabidi nibadilishe bajeti ya mbao na nyavu.

Mawili zaidi. Mhadhiri anataka mkaa kwa ajili ya kupima umri kwa kaboni-14, tuuchukue vipi bila kuuharibu? Na pale kijijini tayari kuna maneno kwamba tunatafuta mali ya Mjerumani. Mmekuwa mkifanyaje?

Kigae_cha_Kale

Mkaa: usiuguse kwa mkono wala sigara isiwepo karibu. Uinue kwa ncha safi ya mwiko au koleo dogo, pamoja na kidonge cha udongo wake, uufunge kwenye karatasi ya alumini, kisha ndani ya kichupa au mfuko. Kikaratasi cha maelezo kikae nje ya alumini, kisigusane na mkaa. Uache ukauke kivulini kwanza kama una unyevu, la sivyo ukungu unaota, na ukungu ni kaboni ya leo. Maabara za siku hizi zinahitaji miligramu chache, kwa hiyo punje moja ya mtama iliyoungua ni bora kuliko gunia la mkaa wa boriti. Boriti ilikuwa mti kwa miaka mingi, ikakaa kwenye paa miaka mingine, ndipo ikaungua. Tarehe yake itakuwa ya zamani kuliko moto wenyewe. Chagua mbegu au kifuu cha nazi. Makombe ya baharini yaepukwe kama kuna kingine, maana kaboni ya bahari inaongeza umri wa miaka mia kadhaa na inahitaji masahihisho yake.

Muhimu kuliko yote, sampuli itoke mahali palipofungika: juu ya sakafu ya chokaa, ndani ya jiko, chini ya ukuta ulioanguka. Mkaa ulioelea katikati ya kichanga unaweza kuwa umetoka popote.

Kabla sijasahau, kuosha. Vigae vioshwe kwa mswaki laini na maji, vikaushwe kivulini kwenye ungo, kila ungo na kikaratasi chake. Visioshwe: chuma, mkaa, mifupa inayovunjikavunjika, na vigae vyenye masizi au ukoko wa chakula kwa ndani. Ukoko huo una mafuta ya chakula cha kale, na mswaki unaumaliza kwa dakika moja. Kila mfuko uwe na vikaratasi viwili, kimoja ndani kimoja nje, vimeandikwa kwa penseli: kiwanja, shimo, nambari ya tabaka, kina, tarehe, herufi za aliyeandika. Kalamu ya wino ikikutana na unyevu inayeyuka, mkabaki na mfuko wa vigae visivyo na kwao.

Karani_wa_Kitongoji

Kuhusu mali ya Mjerumani, hilo halikwepeki, kila shimo lililopimwa kwa kamba linaleta hadithi hiyo. Dawa yake ni uwazi wa kila siku, siyo mkutano mmoja wa ufunguzi. Barua ifike kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya gari kufika. Chekeche liwekwe mahali watu wanapoweza kusimama na kuona. Jioni mwenye kiwanja na mjumbe mmoja waone mifuko ikifungwa, idadi iandikwe daftarini, watie sahihi. Mkifunika shimo kwa turubai mchana kutwa ili watu wasione, mmeshaithibitisha hadithi wenyewe.

Watoto wataleta shanga na sarafu. Msinunue, hata kwa shilingi mia. Siku ya pili wataanza kuchimba makaburi na vichuguu kuwatafutia. Andikeni kimepatikana wapi, mshukuruni. Heller ya Mjerumani, zilizoanza 1904, siyo hazina, lakini ikitoka chini kabisa ya tabaka inawaambia kwamba tabaka lile haliwezi kuwa la kabla ya mwaka ulio kwenye sarafu. Vibarua walipwe kwa siku. Ukilipa kwa kitu kilichopatikana, vitu vitapatikana, hata vile vilivyotoka kwa jirani.

Mihogo itakayong'olewa ikubaliwe bei mapema, kwa maandishi. Na mwenye kiwanja aambiwe wazi kwamba vitu vya kabla ya 1863 ni mambo ya kale kisheria, vitakwenda kuhifadhiwa, havitabaki kwake wala kwenu. Akijua hilo siku ya mwisho atajiona ameibiwa.

Mifupa ya mtu: ikionekana, kila kitu kisimame. Kwa hapo Tanga kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo kaburi la Kiislamu hulala mashariki na magharibi. Mkiona shimo jembamba refu la mwelekeo huo, upana nusu mita hivi, acheni kabla hamjafika kwenye mfupa. Mwite mwenye leseni, mwenye kiwanja na imamu, mfunike kwa mchanga laini. Pia usiandike jina la kijiji hapa wala koordinati. Wawindaji hazina wanasoma majukwaa kama sisi.

Msaidizi_wa_Uwanjani

Nimeelewa, jina la kijiji halitatajwa. La mwisho kabisa: tukimaliza, tunafukia tu?

Mzamili_Mwambao

Kwanza choreni kuta, zote nne mkiweza, mbili zinazokutana kona moja kama muda umebana. Kipimo 1:10 kwenye karatasi ya miraba ya milimita, mita 1 inakuwa sentimita 10. Tandaza uzi ulionyooka kwa pima maji katikati ya ukuta, ubane tepu juu yake, upime kila sentimita 10 na kila pale mstari wa tabaka unapovunjika. Mmoja anapima, mmoja anachora, wasibadilishane katikati ya ukuta. Chora vigae na mawe yanayochomoza, usiyang'oe. Ukikivuta kimoja kwenye kichanga, kinashuka na ukuta wa sentimita 30.

Halafu tandika gunia la sandarusi chini na kwenye kuta, weka sarafu ya mwaka huu juu yake. Atakayechimba hapo baadaye atajua mwisho wenu ulikuwa wapi. Rudisha udongo kwa sentimita 20, shindilia, nyunyiza maji, tena 20. Msipouminya, masika ya kwanza patazama na mbuzi wa mtu atavunjika mguu. Acheni kituta cha sentimita 10 juu, kitashuka chenyewe. Kama kazi haijaisha jioni, shimo lifunikwe kwa mbao na mabati yenye mawe juu. Utepe wa rangi hauzuii ng'ombe.